Tuwafundishe wanafunzi kulisoma soko la ajira

Mwaka 2025 ulileta jambo jipya katika shule zetu. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, wakiwa Gredi ya 9 na wengi wao wakiwa na umri wa miaka 14 au 15, walitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu kabla ya kuingia shule ya upili: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wizara ya Elimu ilikwisha kueleza lengo lake, kwamba asilimia 60 ya wanafunzi waelekee mkondo wa kwanza, 25 wa pili na 15 wa tatu. Jambo ambalo halikuelezwa ni njia ambayo mtoto wa umri huo, aliye Pap Onditi huko Nyakach, angeitumia kujua kama uamuzi wake utamfaa atakapokuwa mtu mzima. Pamoja naye wapo kaka na dada zake wa mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wao wa mwisho wa KCSE umepangiwa mwaka 2027, na ambao kila matokeo yatokapo humiminika katika vibanda vya kompyuta ili wachague kozi za vyuo kupitia shirika la KUCCPS.

Husemwa mara kwa mara, hata na watu wenye vyeo vyao, kwamba vijana wetu wanahangaika kwa kuwa hawana habari za soko la ajira. Siiafiki kauli hiyo jinsi ilivyo. Habari zipo, ingawa zina mapengo. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, huchapisha kila mwaka ripoti ya hali ya uchumi ambayo ndani yake mna sura nzima kuhusu ajira na mishahara. Wizara ya Kazi ina mfumo wake wa habari za soko la ajira katika intaneti. Matangazo ya kazi za serikali hutolewa kila juma katika jarida la MyGov liingizwalo magazetini, na bodi za utumishi za kaunti hutangaza nafasi zao, tena matangazo mengine hufika hadi kwenye mbao za ofisi za machifu. Kinachokosekana ni mafunzo. Ni shule chache mno zenye kipindi ambapo mwanafunzi hufundishwa kulichukua tangazo la kazi, au jedwali la takwimu, au orodha ya kozi, akalidadisi kama anavyolidadisi shairi au ramani.

Nimeitaja Pap Onditi kwa makusudi. Msomaji wa Nairobi asije akadhani kwamba ni pembe ya dunia isiyofikiwa na habari. Katika Kidholuo, neno pap humaanisha uwanja au ardhi tambarare iliyo wazi. Mahali hapo ni makao ya utawala ya Nyakach, katika Kaunti ya Kisumu, kwenye barabara iendayo Kendu Bay kutoka Katito. Pana ofisi za serikali, pana soko, na simu za mkononi zimejaa. Mtoto wa hapo anaweza kuzifikia karibu habari zote ambazo mwenzake wa Kisumu mjini anazifikia. Hata hivyo, ukimwuliza amechaguaje, atakutajia mjomba aliye Nairobi, au mwalimu aliyempenda, au jirani aliyejenga nyumba ya mawe. Hao wote ni mashahidi wa soko la jana. Mjomba aliajiriwa mwaka 1994. Anayoyajua kuhusu kazi yake ni kweli tupu, ila ni kweli ya mwaka 1994.

Kisha kuna alama. Hapa ndipo penye kosa ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Shirika la KUCCPS, ambalo chimbuko lake ni Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na ambalo lilirithi kazi ya ile bodi ya usajili tuliyoijua kwa jina la JAB, huonyesha kwa kila kozi alama za chini kabisa zilizomwingiza mwanafunzi katika miaka iliyotangulia. Mwanafunzi na mzazi wake huzisoma alama hizo kana kwamba ni bei ya taaluma yenyewe. Kozi yenye alama 43 huonekana kuwa na thamani kuliko yenye alama 30, na anayepata alama 44 huambiwa na ukoo mzima kwamba ni dhambi kuzitupa kwa kuchagua kozi ya alama 30. Lakini alama hizo zinapima nini? Zinapima jinsi wanafunzi wenyewe wanavyoigombea kozi ikilinganishwa na nafasi zilizoko chuoni. Hazisemi lolote juu ya waajiri. Kozi inaweza kugombewa na maelfu ilhali kazi zake zimekwisha, na nyingine ikadharauliwa ilhali waajiri wanaitafuta. Anayesoma alama za kuingilia kama habari za ajira ni sawa na mtu anayekadiria mavuno kwa kuhesabu watu waliokwenda shambani.

Niruhusiwe kutoa mfano wa somo ninalolifundisha mimi, maana haifai kuwanyoshea wengine kidole peke yao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kwa uamuzi mmoja wa serikali, nchi ikahitaji walimu wa Kiswahili kwa maelfu. Waliokuwa wamekisoma chuoni wakati huo hawakukaa nyumbani. Habari zikaenea, kama zilivyo desturi, na kila aliyekuwa na ulimi mwepesi akashauriwa akisomee. Kisha mwaka 1998 serikali ikasimamisha uajiri wa moja kwa moja wa walimu, na tangu hapo Tume ya Huduma za Walimu, TSC, imekuwa ikiajiri kwa kadiri ya nafasi zinazofunguliwa. Mwaka huohuo wa 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Mlango wa kutokea ulifungwa wakati uleule mlango wa kuingilia ulipopanuliwa. Waliopita katikati ya milango hiyo miwili wengine wana shahada nzuri na bado wanafundisha kwa malipo ya bodi za shule.

Hali hii ina jina. Miaka ya 1970 mwanauchumi wa Marekani, Richard Freeman, aliwachunguza wahandisi na mawakili wa nchi yake, akaonyesha kwamba wanafunzi huikimbilia taaluma mishahara yake inapokuwa juu, wakafuzu kwa pamoja miaka minne au mitano baadaye, wakalijaza soko na kuishusha mishahara. Wadogo zao huikwepa, na baada ya miaka kadhaa uhaba ukarudi. Wanauchumi huita hali hiyo utando wa buibui. Mkulima wa nyanya wa kando ya mto Sondu hahitaji kuelezwa jambo hili na profesa. Anajua kwamba msimu nyanya zinapopanda bei kila mtu hupanda nyanya, na kwamba mwenye akili huuliza majirani wamepanda nini kabla ya kununua mbegu. Maarifa hayo yapo tayari katika nyumba za Nyakach. Shule haijayachukua kutoka shambani na kuyaingiza darasani.

Sasa Kiswahili kina neema nyingine. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Nimefurahi kama mwingine yeyote, na wanafunzi wanakuja ofisini wakiuliza kuhusu tafsiri na ukalimani. Jibu langu huwa ni kuwarudishia maswali. Tangu tangazo hilo, umeona nafasi ngapi za watafsiri zilizotangazwa? Zilihitaji lugha ngapi? Mkalimani wa mikutano ya Afrika hutakiwa awe na Kifaransa, au Kiarabu, au Kireno, juu ya Kiswahili na Kiingereza chake. Je, una lugha ya tatu? Na umejipa jibu gani kuhusu mashine za kutafsiri, ambazo siku hizi humaliza rasimu ya kurasa kumi kabla chai haijapoa? Wachache hukasirika. Walio wengi hurudi baada ya juma moja wakiwa wamejiandikisha katika darasa la Kifaransa. Azimio la mkutano ni habari njema, ila azimio na bajeti ya kuajiri watu ni vitu viwili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya masomo ya lugha, na kwamba mtoto mwerevu asomee udaktari ayaepuke. Wakumbuke mwaka 2024. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi 14 na kumalizika Mei 8 ulitokana kwa sehemu kubwa na wanagenzi, vijana waliopata alama za juu kabisa nchini. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 zilizotokana na mkataba wa 2017, na wengine walikuwa wamekaa kwa muda mrefu wakingoja kupangiwa hospitali tu. Wagonjwa walikuwapo wala hawakupungua. Nchi inaweza kuwahitaji madaktari na isiwe na fedha za kuwaajiri. Haja ya jamii na uwezo wa mwajiri havitembei pamoja siku zote, na mwanafunzi anayechagua taaluma kwa kuwa nchi inaihitaji lazima aulize pia ni nani atakayelipa. Ndivyo ilivyo kwa walimu: shule zina uhaba, hasa wa walimu wa hisabati na sayansi, na papo hapo walimu waliosajiliwa wamo majumbani, huku wanagenzi wa sekondari ya msingi walioajiriwa mwaka 2023 wakipangiwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi.

Tuzitazame basi takwimu. Ripoti ya KNBS iliyotolewa mwaka 2025 ilieleza kwamba nafasi mpya za kazi zilizopatikana nchini mwaka 2024 zilikuwa 782,300. Kiongozi anaweza kuisoma hesabu hiyo jukwaani akapigiwa makofi. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma atashuka mstari unaofuata na kukuta kwamba 703,700 kati ya nafasi hizo zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Yaani katika kila nafasi kumi mpya, tisa ni za jua kali: fundi, mchuuzi, kinyozi, mwendesha bodaboda, mwenye kibanda. Atauliza tena: nafasi hizo zinalipa kiasi gani, na ngapi zitakuwapo mwaka ujao? Hapo ataona kwamba jedwali halimwambii, na kujua mahali takwimu zinapokomea ni sehemu ya kuzisoma.

Jambo hili wala si geni. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya na kutoa ripoti yake mwaka 1972 ndio ulioieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Wataalamu wale waliwatazama mafundi wa jua kali wakasema kwamba hawa wanafanya kazi kwa bidii na kwa tija, ila serikali haiwatambui na mara nyingine inawafukuza. Zaidi ya miaka 50 imepita. Shule zetu zingali zikiwaandaa watoto wote kwa ile nafasi moja katika kumi.

Nadhani lugha yenyewe imetuchezea hapa. Kwa Kiswahili tunasema mtu ameandikwa kazi, na Kidholuo nacho kimelichukua neno hilohilo: kuajiriwa ni kuandikwa. Asili yake ni daftari la mwajiri, jina lako likishaingia humo basi una kazi. Hata kibarua, ambaye leo ni mtu, alikuwa karatasi, ile barua ndogo aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili idhibitishe siku zake. Maneno haya yalitumika katika mashamba ya walowezi, bandarini na kwenye reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na yametuachia imani kwamba kazi isiyoandikwa mahali si kazi. Mama anayekaanga samaki na kusomesha watoto wanne husema kwamba yeye hana kazi, anajishughulisha tu. Mwanawe anayesikia kauli hiyo kila siku hataihesabu biashara ya mama yake anapoulizwa kuna kazi gani Nyakach.

Zipo nyingi, na zina mafunzo ndani yake kwa anayejua kuuliza. Chukua umeme wa Sondu Miriu. Ujenzi ulianza mwaka 1999, ukakwama, ukaendelea, na kufikia 2008 mitambo ya megawati 60 ilikuwa ikifanya kazi. Ya Sang'oro, yenye megawati 21, ikafuata mwaka 2012. Wakati wa ujenzi mikono mingi ilihitajika kuchimba, kubeba na kumwaga zege, na wazee wa Nyakach wanakumbuka jinsi nafasi hizo zilivyogombewa. Leo mitambo inaendeshwa na watu wachache wenye ujuzi maalumu. Mradi wowote mkubwa una masoko mawili ya kazi: la kuujenga, ambalo ni kubwa na la kupita, na la kuuendesha, ambalo ni dogo na la kudumu. Kijana anayesikia kwamba bwawa au reli inakuja anapaswa kuuliza anaandaliwa kwa soko lipi. Mwalimu wa jiografia akitumia kipindi kimoja tu kulieleza hilo, akiwa na mfano ulio umbali wa safari fupi kutoka darasani, atakuwa amefanya jambo ambalo semina nyingi za hoteli hazijafanya.

Au chukua viwanda vilivyokufa. Kiwanda cha sukari cha Miwani, kilichokuwa na historia tangu miaka ya 1920, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001 na mitambo yake ikanyamaza. Kiwanda cha nguo cha KICOMI, mjini Kisumu, kilifungwa katika miaka ya 1990 baada ya mitumba na nguo za kuagizwa kuifungua milango yetu. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha kwa kampuni za kibinafsi viwanda vinne vya umma vya sukari, Chemelil na Muhoroni vikiwamo. Mwanafunzi anayetaka kusomea teknolojia ya sukari, na wapo, hawezi kuamua bila kuijua habari hiyo na bila kuuliza mwenye kiwanda mpya atataka mafundi wa aina gani.

Huko ziwani nako mambo yamegeuka. Mbuta, aliyetajirisha viwanda vya minofu vya Kisumu katika miaka ya 1980 na 1990, amepungua, na badala yake vimeongezeka vizimba vya kufugia ngege. Kizimba kinahitaji mtu wa kuzalisha vifaranga, mtu wa chakula, mshonaji wa nyavu, mpiga mbizi, mtu wa barafu na usafirishaji, na mtu anayejua kupima oksijeni majini. Mwishoni mwa 2022 samaki wengi wa vizimbani walikufa upande wa Kisumu, na wafugaji wakajifunza kwa hasara umuhimu wa mtu huyo wa mwisho. Kisumu kwenyewe, karakana ya Kenya Shipyards imeunda meli ya MV Uhuru II, na meli haiundwi bila wachomeleaji wa vyuma wenye vyeti vinavyokubaliwa. Hizi ni kazi ambazo majina yake hayamo katika orodha ya kichwani ya mtoto wa Gredi ya 9, kwa sababu hakuna aliyempeleka kuziona.

Kwa upande mwingine, nachelea kujiunga na wale wanaowakaripia vijana kwamba wanadharau vyuo vya kiufundi. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyewachunguza wanafunzi wa Ghana, aliandika maneno ambayo watunga sera hawakuyapenda. Alisema kwamba vijana wanaokimbilia masomo ya ofisini hawajapotoka wala hawajapumbazwa na mitaala. Wameutazama mfumo wa mishahara na kuona kwamba karani hulipwa vizuri kuliko fundi, wakaamua ipasavyo. Je, kwetu ni tofauti? Kijana wa Pap Onditi anawaona watu wenye shahada wakipanda vyeo na fundi stadi akibaki palepale kwa miaka 20. Anawasikia wabunge wakisifu ufundi, huku watoto wao wakiwa vyuo vikuu ng'ambo. Amelisoma soko huyo, tena kwa usahihi. Anayetaka abadilishe uamuzi na aibadilishe ngazi ya mishahara kwanza, kisha aje shuleni na hotuba.

Kuna hatari nyingine ambayo kwayo familia hupoteza mali iliyochumwa kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wahitimu wa uhandisi wa vyuo vikuu kadhaa vya humu nchini walijikuta mahakamani kwa sababu bodi ya usajili wa wahandisi haikutaka kuwatambua. Walikuwa wamesoma miaka mitano. Swali ambalo lingewaokoa lingeulizwa siku ya kwanza, na ni fupi: bodi ya taaluma hii inawasajili wahitimu wa kozi hii ya chuo hiki? Sikumbuki kuona karatasi ya ushauri wa kazi shuleni yenye swali hilo. Mwaka 2023 taifa zima lilisikia vilio vya wazazi wa Uasin Gishu, waliolipa fedha nyingi wakitarajia watoto wao wapelekwe kusoma na kufanya kazi Ufini na Kanada. Na katika vijiji vya Nyanza, kama kwingineko, mawakala wanaotafuta wasichana wa kwenda kazi za nyumbani Saudia hawakosi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huwa na orodha ya mawakala waliosajiliwa. Kuitafuta orodha hiyo kwenye simu na kulinganisha jina la wakala na lililo kwenye risiti ni kazi ya dakika kumi, na mtoto wa shule ya upili anaweza kuifanya kwa niaba ya dada yake akifundishwa.

Ninafika kwenye jambo la lugha, ambalo kwangu ni kazi na si burudani. Takriban habari zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, kile ambacho hata mwalimu hukisoma mara mbili. Anayelipa karo ni mzazi, anayeuza fahali ni mzazi, na mara nyingi mzazi huyo anasoma Kidholuo na Kiswahili tu. Basi yeye huitia sahihi fomu asiyoijua, akimtegemea mtoto ambaye naye hajaielewa. Nchi ya Marekani imekuwa ikichapisha tangu 1949 kitabu cha mwelekeo wa kazi, kilichotokana na haja ya kuwashauri askari waliorudi kutoka vitani, ambacho hueleza kila kazi kwa lugha nyepesi: hufanywa nini, husomewa wapi, hulipa kiasi gani, na inatarajiwa kukua au kupungua. Hatuhitaji kitabu kikubwa namna hiyo. Kurasa 60 za Kiswahili chepesi kwa ukanda wa ziwa, zenye kazi 100 hivi, zingeweza kuandikwa na idara moja ya chuo kikuu ikishirikiana na ofisi ya kazi ya kaunti, kisha zikasomwa kwa Kidholuo katika Ramogi FM jioni. Wanafunzi wetu wa isimu wanahitaji miradi ya tafsiri kila mwaka, na kwa sasa wanatafsiri makala ambayo hakuna anayeyasoma.

Atafundisha nani? Katika shule nyingi yupo mwalimu aliyepewa cheo cha mshauri wa kazi, cheo ambacho hakimpunguzii vipindi wala hakimwongezei senti. Huonekana mara moja kwa mwaka, wakati wa fomu. Sioni kwamba dawa ni kuongeza somo jipya kwenye ratiba iliyokwisha kufurika. Jedwali la KNBS ni zoezi zuri la asilimia katika somo la hisabati. Tangazo la kazi ni kifungu kizuri cha ufahamu: tofauti ya "awe na" na "itakuwa faida akiwa na" ni somo la lugha, na wapo waliokosa kuomba kazi kwa kutoijua. Mwalimu wa biashara anaweza kuwatuma wanafunzi sokoni Pap Onditi na Katito wahesabu kazi zote wanazoziona kwa siku moja, na kumwuliza kila mwenye kazi alijifunza wapi, kwa muda gani, na kama angemshauri mwanawe aifanye.

Kuna daftari moja ambalo kila shule inalo na karibu hakuna inayolitumia, nalo ni daftari la usajili wa wanafunzi. Shule yoyote ya Nyakach inaweza kufungua ukurasa wa waliomaliza mwaka 2015 na kuwatafuta. Wachache watakuwa wamefariki, wengine hawatapatikana, lakini kwa simu na vikundi vya WhatsApp wanafunzi 40 wa kidato kimoja wataweza kupatikana nusu yao au zaidi katika muhula mmoja. Waulizwe mambo manne tu: ulisomea nini, ulingoja muda gani kabla ya kipato cha kwanza, unafanya nini sasa, na ni nani aliyekupasha habari za kazi hiyo. Majibu yabandikwe ukutani bila majina, na mwaka unaofuata ukurasa wa 2016 ufunguliwe. Gharama yake ni muda wa maongezi wa simu na kalamu za wino mzito, na inaweza kuanza muhula ujao bila kungoja waraka wa wizara.